Siri ya Kutunza Vito: Pwani Ina la Kutufunza

Ukiingia katika nyumba nyingi za jijini Nairobi na kuuliza vito vya mama wa nyumba hiyo huwekwa wapi, jibu huwa ni moja kati ya matatu. Vimo katika droo ya kabati la chumba cha kulala, au katika mkebe wa biskuti uliowekwa juu ya kabati hilo, au viko kando ya sinki bafuni pale alipovivua jana usiku. Droo ndiyo mahali pa kwanza mwizi anapotia mkono. Katika mkebe mkufu hujifunga mafundo na pete husuguana na herini mpaka zote zikafifia. Ama bafu, kwa mvuke wake na sabuni zake, pengine ni adui mkubwa kuliko mwizi, kwa sababu mwizi huja siku moja na mvuke huja kila siku.

Wenzetu wa pwani wameishi na dhahabu na fedha kwa karne nyingi, tena mahali ambapo hewa ya chumvi hula hata bawaba za mlango. Wala hapa hatuzungumzii anasa tu. Katika sheria ya Kiislamu mahari ni mali ya bibi arusi mwenyewe, si ya baba yake wala ya mumewe, na akina mama wengi wa pwani huyageuza kuwa bangili na vidani. Bangili hiyo ndiyo benki yake. Mtoto akikosa karo, au mume akilazwa hospitalini, huvuliwa mkononi ikapelekwa kwa sonara na kupimwa. Kwa hiyo mama anayeacha vito vyake viharibike, au vipotee asijue vimepotea lini, anapoteza akiba yake. Ndiyo sababu niliamua kuifuata habari hii kwa njia ya barabara, kutoka Mombasa hadi Lamu, nikiuliza njiani watu huweka wapi vitu vyao vya thamani.

Katika Mji wa Kale, Mombasa, masonara wamekuwepo tangu enzi za mababu, na wengi wao wana asili ya Bara Hindi. Hata neno lenyewe “sonara” limetoka huko. Ukisimama mbele ya meza ya mmoja wao utashangaa jinsi kazi ya kusafisha dhahabu ilivyo nyepesi. Ni bakuli la maji ya vuguvugu, sabuni kidogo ya maji ya kuoshea vyombo, na mswaki laini uliokwisha kuzeeka. Pambo huachwa humo dakika chache, hupigwa mswaki polepole hasa upande wa nyuma ambako jasho na mafuta hujificha, husuuzwa, kisha hukaushwa kwa kitambaa cha pamba. Basi. Angalieni sana hilo bakuli, wapenzi wasomaji. Sonara haoshi pete chini ya bomba linalotiririka, na anayefanya hivyo nyumbani asishangae siku pete itakapomponyoka ikaingia kwenye shimo la sinki.

Yapo mambo mawili ambayo masonara huyalalamikia. La kwanza ni dawa ya meno. Watu wengi huamini kwamba inayosafisha meno itasafisha na pete, ilhali ndani yake mna unga wa kusugulia, na dhahabu ni laini kuliko jino. Pete hung'aa siku hiyo, lakini ukiitazama kwa kioo cha kukuzia utaona imejaa mikwaruzo. La pili ni dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Klorini iliyomo hushambulia madini yanayochanganywa na dhahabu, hususan pale palipochomelewa, na pete inayotumbukizwa humo kila Jumamosi pamoja na mashuka hupasuka bila kugongwa. Klorini hiyohiyo imo katika maji ya bwawa la kuogelea.

Hapa inafaa tukumbushane maana ya zile tarakimu zilizochapwa ndani ya pete. Dhahabu safi kabisa ni ya karati 24, na ni laini mno kwa kazi za kila siku. Ile ya karati 22 hupigwa chapa ya 916, yaani katika sehemu elfu moja, sehemu 916 ni dhahabu tupu. Ya karati 21, ambayo hupendwa sana katika nchi za Ghuba na huletwa huku na wanaotoka kazini huko, ina 875. Ya 18 ina 750. Kadiri tarakimu inavyopanda ndivyo pambo linavyozidi thamani na ndivyo linavyopindika upesi. Bangili ya karati 22 ukiikalia, imekwisha. Mwanafunzi aliyenunua mkufu wa kandokando ya barabara usiokuwa na tarakimu yoyote naye asihuzunike, bali ajue tu kwamba huo umepakwa rangi ya dhahabu juu juu, na kila akiusugua anaondoa ngozi hiyo. Aupanguse kwa kitambaa laini kikavu, na auvue kabla ya kuoga.

Kutoka Mombasa nilielekea kaskazini hadi Gedi, karibu na Watamu. Magofu haya, yaliyotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka wa 2024, yamo katikati ya msitu, na wageni wengi huja kuona msikiti mkuu na kasri, wakapiga picha na tumbili na kuondoka. Mimi nilikuwa natafuta makabati. James Kirkman, mwanaakiolojia aliyeanza kuchimba hapo mwaka wa 1948, alizipa nyumba majina kulingana na vitu vilivyopatikana ndani yake: Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Sanduku la Pembe, Nyumba ya Ushanga wa Venisi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Mkasi. Kwa maneno mengine, watu wa mji ule uliohamwa mwanzoni mwa karne ya 17 tunawatambua leo kwa vitu vidogo walivyoviacha.

Lakini kilichonivutia zaidi ni ghala zao. Katika nyumba kadhaa, upande wa nyuma kabisa, kuna chumba kidogo kisicho na mlango. Kuta zimesimama pande zote nne. Aliyetaka kuingia alipanda juu akashukia kwenye tundu lililoachwa karibu na dari. Hebu fikiria. Mwizi aliyeingia nyumba ile gizani angepapasa ukuta mzima asipate kitasa cha kushika. Wanaojenga Nairobi siku hizi hutia kufuli tatu kwenye mlango wa mbele halafu huacha vito juu ya meza ya kujipambia. Wazee wa Gedi walijua kwamba kufuli humwonyesha mwizi mahali penye mali.

Usinielewe vibaya, sisemi kila mtu abomoe ukuta. Nasema tu kwamba mahali pazuri pa kuweka kitu cha thamani ni pale ambapo mgeni hana sababu ya kutazama. Wala si jikoni ndani ya debe la unga, kama wafanyavyo wengine, maana huko kuna joto, mvuke na moshi, na debe la unga siku moja hukung'utwa.

Safari ya kwenda Lamu hupitia Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, ambako gari hukomea ukaabiri mashua. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka wa 2001, na anayetaka kujua jinsi vito vinavyotunzwa anapaswa kwanza kuitazama nyumba ya mawe ya mtaa wa Mkomani. Imejengwa kwa matumbawe na chokaa, kuta zake nene, dari yake ya boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti hizo ni fupi, vyumba ni vyembamba na virefu, vimefuatana kimoja nyuma ya kingine. Mgeni wa kawaida hukomea dakani, kwenye mabaraza ya mlangoni. Aliye karibu zaidi hufika kiwandani, kisha misanani. Chumba cha mwisho huitwa ndani, na ndani ni mahali pa mama wa nyumba. Humo ndimo mlimo na zidaka, vile vishubaka vya chokaa vilivyonakshiwa ukuta mzima, ambavyo zamani vilipangwa sahani za kauri kutoka Uchina.

Anayetazama zidaka hudhani hapo ndipo vito vilipowekwa. Sivyo. Zidaka ni za kuonwa. Vito hukaa katika kasha, na ndani ya kasha mna kibweta, na ndani ya kibweta kila kimoja kimefungwa kitambaa chake. Mwenyeji wangu, mama mtu mzima ambaye watu wa mtaa humwita Bibi tu, alinifungulia kasha lake la mti lenye misumari ya shaba, akatoa fundo moja moja. Kulikuwa na kipini cha pua, jozi ya vikuku vya fedha, kidani, na majasi ya masikioni ambayo siku hizi hakuna msichana anayetoboa tundu la kuyatosha. Nilipomuuliza kwa nini havikai pamoja, alicheka.

“Mwanangu, vyombo ni kama wake wenza,” alisema. “Ukiviweka chumba kimoja vitapigana.”

Na ni kweli tupu. Almasi hukwaruza kila kitu kilicho karibu nayo. Akiki na yakuti hukwaruza dhahabu. Dhahabu nayo hukwaruza kaharabu na lulu. Kitambaa cha pamba kilichofuliwa kikasuuzwa vizuri ndicho pazia kati yao. Sufu haifai kwa fedha, wala bendi za mpira, maana vyote viwili vina salfa.

Hapo tumefika kwenye fedha, nami nitakaa kidogo kwa sababu Lamu ni mji wa fedha kuliko wa dhahabu. Wafua fedha wa hapa na wa visiwa jirani zamani waliyeyusha riale za Maria Theresa, zile sarafu za Austria ambazo hata zilizotengenezwa karne mbili baadaye bado huandikwa mwaka wa 1780. Kila riale ilikuwa na uzito wa gramu 28 hivi, na sehemu 833 katika elfu zilikuwa fedha. Zilizobaki zilikuwa shaba. Fedha ya kisasa yenye chapa ya 925 ina shaba kidogo zaidi ya sehemu saba katika mia, kwa hiyo kikuku cha bibi yako huenda kikawa cheusi upesi kuliko pete uliyonunua juzi, na si kwa sababu ni bandia.

Weusi huo si kutu. Ni salfa iliyo hewani inayoshikana na fedha. Hutoka katika moshi wa magari, moshi wa makaa, mayai, vitunguu na mpira. Unyevu huharakisha kazi hiyo. Lamu wana unyevu mwingi na hawana magari kama sisi. Nairobi tuna magari na moshi wake. Kwa hiyo hakuna wa kumcheka mwenziwe. Dawa ni kuinyima fedha hewa: ikunje katika kitambaa, itie katika mfuko mdogo wa plastiki unaofungika, ukamue hewa itoke, na uweke humo kipande cha chaki cha kunyonya unyevu. Chaki ya shuleni inatosha. Ikiloa, ianike juani uirudishe.

Na dawa nyingine ni kuivaa. Mwana Kupona, katika utenzi wake wa mwaka wa 1858, alimuusia binti yake asiutoe mwilini mwake urembo wa shingoni na pete za vidoleni. Sijui kama alifikiria habari ya weusi, lakini alilenga sawasawa, kwani fedha inayovaliwa kila siku husuguliwa na ngozi na nguo isipate nafasi ya kufifia. Bibi huyohuyo pia anataka mwili unukie marashi na dalia daima, na hapo sonara angemwomba radhi kidogo. Manukato, mafuta ya nywele na poda huja kwanza, vikauke, kisha ndipo vito vivaliwe. Lulu hasa huharibiwa na manukato. Huwa ya mwisho kuvaliwa na ya kwanza kuvuliwa.

Ikiwa fedha imekwisha kuwa nyeusi, iko njia rahisi iwezayo kufanywa na mwanafunzi yeyote wa sekondari, naye atajifunza kemia humo. Tandika karatasi ya alumini, ile ya kufungia chakula, ndani ya bakuli. Weka fedha iigusane, nyunyiza vijiko viwili vya soda ya kuokea, umwagie maji ya moto. Utasikia harufu ya yai bovu. Hiyo ndiyo salfa inayoachana na fedha na kuifuata alumini. Baada ya dakika chache itoe, isuuze na kuikausha. Faida ya njia hii ni kwamba fedha haipungui, tofauti na kuisugua kwa jivu au mchanga ambako kila mara unaondoa tabaka. Lakini onyo: usitie humo kitu chenye lulu, marijani, feruzi au kilichogandishwa kwa gundi. Wala usikitie kikuku chenye nakshi za kale, kwa kuwa weusi ulioingia katika michoro ndio unaoionyesha michoro yenyewe. Nimeona vikuku vizuri vilivyong'arishwa mpaka maua yake yakafutika machoni. Nayo ndimu, ambayo wengi huikimbilia, iacheni kwa sufuria za shaba. Asidi yake hula lulu na marijani papo hapo.

Bibi alipomaliza kuvionyesha vyombo vyake alifanya jambo ambalo sikulitarajia. Alimwita mjukuu wake, msichana wa darasa la saba, na yule binti msaidizi wa kazi za nyumbani, wakavihesabu pamoja huku vikirudi katika kibweta. “Saba,” alisema mjukuu. “Nane,” alisema yule binti, “kipini umekiacha mkekani.” Kikaokotwa kikatiwa.

Naomba akina mama wa mjini walitafakari jambo hili. Ni mara ngapi tumesikia pete imepotea, na kabla ya jioni yaya amekwisha kufunganyiwa virago vyake, pengine hata kupelekwa kituo cha polisi? Wiki ya pili pete huonekana imekwama kati ya mito ya kochi, au katika mfuko wa gauni lililotoka kwa dobi. Msichana wa watu amekwisha kurudi kwao na jina bovu, na hakuna anayemfuata kumwomba msamaha. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Vito vingi vya mjini havina daftari. Mwenyewe hajui ana herini ngapi, na siku ya msiba hana cha kumwambia polisi isipokuwa “zilikuwa nyingi.”

Daftari hili ni kazi ya saa moja. Piga picha kila pambo kwa simu, mbele na nyuma, na ile chapa ya tarakimu ikaribie. Andika uzito wake kwa gramu, sonara atakupimia. Andika lilitoka wapi na ni nani aliyekupa, na uhifadhi risiti. Nakala moja iwe kwa mtu unayemwamini nje ya nyumba hiyo. Kwa vile usivyovivaa isipokuwa arusini, baadhi ya benki hukodisha visanduku vya kuhifadhia vitu vya thamani, na bima nayo itataka kuiona orodha hiyohiyo. Mara moja kwa mwaka vipeleke kwa sonara aangalie vile vikucha vinavyoshika jiwe na kishikizo cha mkufu. Mawe mengi hayaibwi, huanguka.

Kwa wanaoishi katika chumba kimoja, kasha la Lamu si lazima. Sanduku dogo la viatu lililogawanywa kwa vipande vya kadibodi linafanya kazi ileile. Mkufu mwembamba upitishe katika mrija wa soda kisha ufunge kishikizo chake, hautajifunga fundo tena. Herini zipitishwe katika matundu ya kifungo kikubwa cha koti ili jozi isitengane. Shanga zilizotungwa kwa uzi zilazwe, zisining'inizwe, kwani uzi hurefuka na kukatika, na za waya zisiloe. Lulu nazo zipanguswe kwa kitambaa kila zivuliwapo, zilazwe, na zisifungiwe katika plastiki kama fedha, maana zenyewe huhitaji unyevu kidogo.

Kabla ya kuondoka Lamu nilinunua pete moja kwa fundi wa mtaa mkuu. Juu yake, badala ya jiwe, ametia kipande cha sahani ya kauri yenye maua ya buluu, huenda ni masalio ya sahani kama zile zilizopangwa katika zidaka. Aliniambia niioshe kwa sabuni na maji tu, niikaushe upesi, na kamwe nisiiloweke, na kwamba nikitaka kufanya kazi ya mikono niivue niitie mfukoni penye kifungo.

Nilirudi na basi. Mama aliyeketi karibu nami alikuwa anakwenda arusini Mombasa, naye alikuwa amemkabidhi utingo sanduku lake la nguo likapakiwa kwenye buti, lakini kibweta chake cha vito alikuwa amekifunga katika leso kiunoni, chini ya buibui. Hivyo ndivyo inavyotakiwa safarini, hasa huu msimu wa Disemba tunapoelekea mashambani. Begi la nguo likienda kwenye buti au juu ya matatu, vito vibaki mwilini mwa mwenyewe, tena vichache, na vile vingine viachwe nyumbani mahali ambapo mgeni hana sababu ya kutazama.